Bibi Hakufunga Geti

Masama, 14 Januari 2024

Mama mdogo Eva,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mpanda, na kwamba joto ulilolisema limepungua. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimia. Goti linamsumbua asubuhi, ila akishapata chai analisahau. Mama alipanda kutoka Shirimatunda Jumapili na mchele na sabuni, akashuka na mkungu wa ndizi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Bibi alitaka jike, kwa hiyo ndama huyo anasemwa tangu siku aliyozaliwa. Matokeo ya kidato cha nne bado, na usiniulize kwa sasa.

Naandika kwa sababu tulikubaliana usipige tena simu Calvin akisikia. Ulipopiga Krismasi alikutafuta nyumba nzima, akafunua hata debe la pumba. Na mimi mwenyewe unanijua, kwenye simu maneno yananikimbia, nabaki na "eeh, eeh" mpaka salio la mtu linaisha. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Mwanao Calvin hajambo, na anakula vizuri. Choo cha nje amekizoea, ila mlango lazima ubaki wazi na mimi nisimame nimempa mgongo. Kila asubuhi anapita kihambani akigusa migomba na kutaja kila mmoja ni wa ndizi gani. Bibi anamfuata nyuma akisubiri akosee. Bado hajakosea.

Kuna jambo dogo tu. Anaota, halafu akiamka anaamini yale mambo yametokea kweli. Ni vitu vya kitoto. Lakini kama unajua namna ya kumweleza mtoto wa miaka sita ndoto ni nini, niandikie, maana mimi nimeshindwa. Nilimwambia ndoto ni kama televisheni iliyo ndani ya kichwa. Akaniomba rimoti. Nikasema haina rimoti. Akanivuta sikio, akachungulia, akasema, "Giza. Imezimwa." Tangu siku hiyo nikikaa karibu naye ananichungulia sikio kuona kama umeme umerudi.

Nisalimie wanafunzi wako.

Mwanao,
Elinipendo


Mpanda, 9 Februari 2024

Mwanangu Elinipendo,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nimepewa darasa la pili, na watoto wamejaa mpaka wengine wanaandikia dirishani. Nyumba ya mwalimu niliyoahidiwa haina paa upande mmoja, kwa hiyo nimepanga chumba kwa mama anayeuza dagaa. Ni mtu mwema sana, ila sasa nguo zangu zote zinanukia dagaa na paka wa mtaa mzima wananisindikiza shuleni. Bibi usimsomee hapo, atacheka mwezi mzima. Mpe pole ya goti.

Habari ya sikio imenichekesha mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikairudia barua yako kwa utulivu. Umeandika mengi kuhusu sikio, na kuhusu ndoto yenyewe umeandika kwamba ni vitu vya kitoto. Mimi ni mwalimu, najua mtu akiruka swali. Ameota nini?

Na hiyo televisheni achana nayo. Calvin analichukua neno kama lilivyo. Ukimwambia ndoto ni kama kitu fulani, atakitafuta hicho kitu. Unakumbuka yule daktari wa Moshi aliyetueleza usonji ni nini? Alisema maneno yawe machache, yawe ya kweli, na yawe yale yale kila siku. Anza hapo.

Pasaka nitakuja. Usimwambie bado.

Nimesikia matokeo yametoka. Sikuulizi.

Mama yako mdogo,
Eva


Masama, 3 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia u mzima, na samahani, Bibi nilimsomea barua yote. Habari ya paka ameshaipeleka kwa majirani.

Nimepata daraja la pili. Hisabati imenivuta chini. Mama amesema ni vizuri, na nadhani anamaanisha hivyo. Mwalimu wa kwaya alitaka niimbe ubeti mmoja peke yangu usharikani, nikajisikia mafua tangu Alhamisi mpaka Jumapili. Jumatatu nilipona.

Umeuliza aliota nini. Sikutaka kukuandikia kwa sababu uko mbali na ungeumia bure. Aliota umekuja. Ulisimama getini na lile begi lako la bluu. Bibi akafunga geti, hukuingia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo na sikusema kitu. Ndivyo anavyosimulia, na hajabadilisha hata neno moja.

Asubuhi ile alikataa uji wa Bibi. Akasema, "Bibi alifunga geti."

"Geti gani, mjukuu wangu? Mimi nilikuwa nimelala."

"Bibi alifunga geti. Eli alikuwepo na ndoo."

Nikamwambia sikuwepo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekudanganya mchana kweupe. Hapo ndipo nilipoelewa shida ilipo. Anaamini ilitokea, na anaamini pia kwamba sisi wote tuliona na sasa tunamkatalia.

Ikawa hapokei chakula kwa Bibi, na kwangu anapokea kwa shida. Bibi unamjua, hawezi kukaa na ugomvi ndani ya nyumba. Asubuhi moja akaenda kwenye ua, akachuma jani la isale, akalifuta umande kwa kanga na kumletea, kama huku kwetu mtu anavyokwenda kuomba radhi kwa mwenzake. Calvin analijua isale. Mbuzi wa Baba Filemon walipomaliza kabichi za Bibi, alimwona Baba Filemon akija nalo, na alimwona Bibi, ambaye alikuwa ameapa hatamsamehe, akilipokea na kunyamaza, kwa sababu isale halikataliwi.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "nimekuja na isale. Nisamehe kwa lile la geti."

Calvin akalipokea kwa mikono miwili. Akanywa uji wote. Bibi akanikonyeza, kama kusema ninyi mmesoma bure. Kisha Calvin akavaa viatu, akaenda getini, akalifungua mpaka mwisho, akakaa chini kwenye jiwe.

Nikamfuata. "Unafanya nini hapa?"

"Bibi amekubali. Geti limefunguliwa. Mama aingie."

Alikaa pale mpaka wakati wa kukamua jioni, na mvua ilimkuta hapo hapo. Bibi alisimama mlangoni pa jiko akisema, "Mungu wangu, nimeomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya, sasa nimekuwa nimelifanya." Sikujua nicheke au nilie. Nilikwenda nyuma ya banda nikafanya vyote viwili.

Sasa kila asubuhi anaanzia getini.

Elinipendo


Mpanda, 28 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa daraja la pili. Mimi hisabati ilinivuta chini zaidi yako na leo naifundisha. Mwenye nyumba wangu amepata mjukuu, jana tumekula pilau badala ya dagaa. Msalimie sana Bibi, na umwambie asijilaumu kwa lile jani. Alilileta kwa upendo.

Barua hii itakufika Pasaka imeshapita, na utakuwa umeona kwamba sikuja. Nauli nilikuwa nayo na ruhusa nilipewa, kwa hiyo usitafute sababu nyingine. Nikija siku chache halafu nikaondoka, atajuaje kwamba nilikuwepo? Ataamka hanioni, atasema Bibi amenifukuza tena, na safari hii hata mimi sitakuwepo kumwambia hapana. Siwezi kuwa ndoto nyingine kwa mwanangu. Nitakuja siku atakapoweza kutofautisha. Ikiwa ni likizo ya Juni, nitakuja Juni. Ikiwa ni mwakani, basi nitasubiri mwakani.

Najua nakutwisha mzigo, nawe umetoka shuleni juzi tu. Lakini wewe ndiye unayemwona kila siku. Mimi habari zake zinanifikia zikiwa zimeshapoa.

Kitu kimoja nimekiona kwenye barua yako. Sidhani kama anauliza ndoto ni nini. Nadhani anauliza kwa nini watu aliowaona wanasema hawakuwepo. Labda mjibu hilo kwanza. Namna ya kumjibu siijui.

Eva


Masama, 2 Mei 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mvua imekula barabara ya kushuka Boma, barua yako ilikaa posta mpaka Baba Filemon alipofika na pikapu yake ya maziwa. Bibi hajambo. Ndama amekua na Calvin amempa jina: anaitwa Dume. Nilimwambia hilo si jina, akasema, "Ni dume," nami sasa namwita hivyo hivyo.

Sasa sikiliza, nikueleze kwa mpangilio.

Kwanza nilijaribu matope. Masika hii udongo wa getini unahifadhi kila kitu kilichopita. Kila asubuhi tulikwenda naye kusoma nyayo: buti za Bibi, yeboyebo za Baba Filemon, kuku. Nikamuuliza, "Viatu vya Mama viko wapi?" Akainama, akatafuta vizuri sana. "Havipo." Nikadhani tumemaliza. Akasema, "Mama alisimama kwenye jiwe." Na jiwe kweli lipo pale, huwezi kumbishia.

Pia nilifuata ushauri wako wa maneno machache. Kila siku nilimwambia, "Ndoto inakuja ukiwa umelala. Wewe peke yako unaiona. Mtu mwingine haioni." Akaikariri kama Sala ya Bwana. Alikuwa anaisema huku anavaa viatu kwenda getini.

Barua yako ya pili ndiyo iliyonifanya nifikirie upande mwingine. Nikajiuliza, je, angekuwa yeye ndiye ameonekana kwenye ndoto ya mtu, halafu aambiwe alikuwepo? Nikamwomba Bibi anisimulie ndoto zake. Akasema watu wa umri wake hawaoti, wanasikilizia goti. Akasema, "Nikutungie moja? Natunga sasa hivi." Nikamkatalia. Tulishamkubalia Calvin jambo moja lisilo la kweli na tumeona lilipotufikisha. Bibi alishangaa, nadhani sijawahi kumkatalia kitu. Basi tukasubiri. Kila asubuhi kwenye chai niliuliza, "Bibi, umeota?" Naye, "Nimelala kama gogo." Mimi naota chumba cha mtihani tu, na Calvin hayumo.

Wiki iliyopita, Alhamisi, Bibi alitoka chumbani anacheka peke yake, kanga ameivaa nje ndani.

"Calvin," akasema, "nimekuota."

Calvin akaendelea na chai.

"Ulikuwa unaendesha pikapu ya Baba Filemon. Umevaa joho la mchungaji. Mimi nimewekwa nyuma na madebe ya maziwa. Nikakuambia punguza mwendo, ukanijibu, 'Bibi, nyamaza, tunachelewa ibada.'"

Calvin akaweka kikombe chini. "Calvin hajui kuendesha."

"Lakini nimekuona."

"Calvin hakuwepo."

"Ulikuwepo, tena na kiburi chako."

"Calvin alikuwa kitandani. Calvin hakusema Bibi nyamaza." Nilitaka kuingilia, Bibi akaninyooshea kiganja nitulie.

"Kama hukuwepo, nani alikuwa anaendesha?"

Akamtazama Bibi, akanigeukia mimi. "Eli aliona?"

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

"Bibi peke yake aliona."

"Mimi peke yangu," Bibi akasema. "Na wala sikukasirikii, baba. Wewe huna habari kabisa. Ndoto ni yangu."

Calvin akatoka. Tulimwona akipita kihambani, anagusa migomba mmoja mmoja, ila hataji jina la ndizi hata moja. Bibi akataka kumfuata, nikamshika kanga. Aliporudi alikwenda kwanza kitandani kwake, akatoka na lile jani la isale. Alikuwa amelilalia chini ya mto muda wote huu, limekauka na kujikunja. Akamnyooshea Bibi.

"Bibi hakufunga geti."

"Sikufunga."

"Bibi hana habari."

"Sina kabisa, baba."

"Chukua," akasema.

Amemrudishia radhi yake, Mama mdogo. Mimi sijawahi kusikia isale likirudishwa kwa sababu kosa halikuwepo, na Bibi naye anasema hajawahi. Alilipokea kwa mikono miwili, kisha akafuta macho na kulaumu moshi wa jikoni, na moto ulikuwa umeshazimika.

Tangu hapo getini haendi. Juzi alikwenda, nikatoka mbio, akarudi akasema alikuwa anafuata kuku. Alikuwa na kuku mkononi.

Naomba uje Juni. Najua si kawaida yangu kumwambia mtu mzima la kufanya. Lakini njoo.

Elinipendo


Mpanda, 21 Mei 2024

Elinipendo mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Mwenye nyumba nimemsomea habari ya pikapu na joho, amecheka mpaka ameangusha mzani.

Nitafika Jumamosi, tarehe nane Juni. Nimekata tiketi leo kabla woga haujarudi, maana ninao, na ni mkubwa kuliko niliokuwa nao siku ya kwanza darasani.

Sasa mwambie. Ila mwambie vyote viwili kwa pamoja: Mama atakuja, na Mama ataondoka. Usimwambie kimoja ukaacha kingine hata kama kinakuuma kukisema.

Bibi asichinje chochote.

Eva


Masama, 30 Juni 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na ndizi hazikuivia njiani. Baridi ya huku imezidi tangu uondoke, Bibi anakota moto mchana na anadai ni kwa ajili ya kuku wake mgonjwa. Anakusalimia, na anasema jogoo yule alikuwa mzee tayari, hakuchinjwa kwa ajili yako.

Mengi uliyaona mwenyewe, lakini uliponiuliza mlangoni ile siku ya kwanza kwa nini mwanao hakukukimbilia, sikuweza kujibu mbele za watu. Alikuwa na kazi. Alimuuliza Bibi, "Bibi anamwona?" Akaniuliza mimi. Akamfuata Baba Filemon mpaka kwenye pikapu. Wewe ulikuwa unalia, sijui kama ulimsikia yule kijana wa bodaboda alipoulizwa. Alijibu, "Namwona sana, hajanilipa." Nadhani huyo ndiye aliyemaliza mashaka. Ndipo Calvin alipokuja kushika begi lako na kusema, "Mama aingie."

Asubuhi uliyoondoka, mimi na Bibi tulikaa jikoni kama watu wanaosubiri matokeo. Akaja, akakaa, akatazama nafasi yako. "Mama ameondoka," akasema. "Bibi aliona. Eli aliona. Mama alipanda bodaboda, akapunga mkono." Akanywa uji, kutoka mkononi mwa Bibi.

Sitakuficha tena vitu. Mchana alikwenda kulala kwenye banda na Dume na akalia. Nilikaa naye. Lakini hakumlaumu mtu, wala hakukutafuta kwenye pumba. Alilia kwa sababu umeondoka, na ni kweli umeondoka. Jioni alitoka mwenyewe, nyasi kichwani, akauliza kama kuna mtori wa ndizi. Ulikuwepo.

Mimi nimeamua kuomba chuo cha ualimu wa awali mwakani. Mama hajui bado, wewe ndiye wa kwanza. Nimeshaanza kuogopa kusimama mbele ya watoto, kwa hiyo nadhani nina nia kweli.

Sasa lililonifanya niandike leo bila kusubiri jibu lako. Jana asubuhi Calvin alikuja jikoni kabla hatujamwita, akasimama katikati.

"Calvin ameota," akasema.

Hajawahi kuanza na neno hilo. Siku zote huanza na jambo lenyewe, kwamba fulani alifanya hivi. Bibi akaweka mwiko chini taratibu.

"Umeota nini, baba?"

"Mama alikuwa ng'ombe. Amevaa miwani. Anamfundisha Dume kusoma."

"Dume akasoma?"

"Dume hakujua. Dume alikula chaki."

Akaanza kucheka, Mama mdogo, kile kicheko chake kinachomshika mpaka anakaa chini. Bibi akacheka, mimi nikacheka, uji ukaungua. Kisha ghafla akanivuta mkono wa sweta.

"Mama hana habari."

"Habari ya nini?"

"Mama alikuwa ng'ombe. Mama hakuwepo. Mama hana habari." Alisema kwa huruma kabisa, kama vile umekosa kitu kizuri kwa sababu ya umbali tu. "Eli amwandikie."

Nikamuuliza kama niandike na salamu. Akafikiri, akasema salamu uliondoka nazo.

Kwa hiyo nakuandikia. Ulikuwa ng'ombe, ulivaa miwani, na mwanafunzi wako alikula chaki. Ameketi hapa kwenye kiti karibu nami, anatazama kalamu, ananiuliza kama sasa unajua. Nimemwambia bado, mpaka barua ifike.

Elinipendo